Nyusi zinafufuka chini ya gundi baada ya saa moja tu, nakosea wapi?

#1 MalkiaWaMagomeni (mleta mada)
Wakuu habari za usiku. Hili jambo wiki ya tatu sasa linaninyima usingizi. Niko Magomeni, tuna kikundi chetu cha maigizo na mimi nimepewa nafasi ya Malkia wa Majini, jini wa baharini, kwahiyo kila usiku watoto wakishalala nakaa mbele ya kioo najaribu sura. Sura niliyonayo kichwani nyusi zake zinaanzia juu kabisa karibu na nywele, zimepinda kama mapezi, sasa ili zile zikae juu hizi zangu halisi lazima zipotee. Mbinu nimeitoa kwenye video za wasanii wa dragi wa Marekani, wale wanaume wanaojipamba kama wanawake jukwaani, wanalaza nyusi kwa gundi ya fimbo ile ya watoto wa shule, wanapiga poda, fandesheni juu, panakua laini kama paji la uso.

Nikimaliza panakua safi, juzi mke wangu alinisogelea na tochi ya simu akadhani nimenyoa. Ila ikifika saa moja hivi nyusi inaanza kufufuka. Kwanza unaona kivuli cha kijivu, alafu nywele moja moja zinanyanyuka zinatoboa fandesheni, alafu katikati panapasuka kama tope la dimbwi lililokauka. Na mchezo wetu ni saa moja na nusu bila mapumziko. Kunyoa siwezi, mchana nakaa kaunta na wateja. Nawasilisha.

#2 Dada_Poda
Karibu kaka. Gundi gani, na unapaka mikono mingapi, yani tabaka ngapi? Na ngozi yako kavu au ya mafuta? Bila hayo tutakupa majibu ya kubahatisha tu.

#3 BaridiYaMoshi
Jibu mbona rahisi, ni joto la Dar. Mimi nafanya sura za kutisha huku Moshi nyusi zinakaa mpaka nachoka mwenyewe. Mwaka jana nilikuja Dar mwezi wa pili kwenye shughuli, sura ileile, vitu vilevile, haikumaliza hata dakika arobaini. Washa feni.

#4 MalkiaWaMagomeni
#2 dada gundi ni ya buku, ya stesheneri ya hapa mtaani, haina hata jina la kueleweka. Mikono miwili. Ngozi ya mafuta, ikifika saa sita mchana pua inang'aa kama sufuria mpya.
#3 feni ninayo mkuu, na inafufuka hivyohivyo.

#5 FundiWaMaharusi
Miaka kumi na moja napamba maharusi Kariakoo, meikapu ikihama tatizo karibu mara zote liko chini yake. Umesema ngozi ya mafuta, basi mchawi ni huyo. Unyusi unashika mafuta sana maana kila unywele una tundu lake la mafuta chini, sasa wewe unabandika gundi juu ya mafuta unategemea ishike nini? Osha kwa sabuni, kausha, chukua pamba yenye spiriti kidogo funga macho kabisa futa unyusi mara mbili, subiri pakauke. Usipake losheni wala mafuta ya nazi juu ya pua kwenda juu siku hiyo. Alafu ndo gundi. Utaona tofauti.

#6 Ticha_wa_Kemia
Dada hapo #5 kaongea vizuri ila nadhani kuna kitu kikubwa zaidi ya mafuta. Gundi ya fimbo imetengenezwa itoke kwa maji, ndo maana mtoto akijipaka kwenye shati mama anafua inatoka. Ndani yake mara nyingi kuna kitu kinaitwa PVP ambacho ndo kinanata, na sodiamu stireti ambayo ni sabuni kabisa, hiyo ndo inaipa umbo la fimbo. Sasa jasho ni nini? Maji na chumvi. Mtu akitoka jasho paji la uso anaiyeyusha gundi kutokea chini, hata ungesafisha mafuta kwa petroli (usijaribu). Kwahiyo ni jasho.

Na jambo la kupendeza, hii fimbo yenyewe ilizaliwa kwenye meikapu. Mjerumani mmoja wa kampuni ya Henkel alikua kwenye ndege akamuona mwanamke anapaka lipstiki, akawaza mbona gundi isiwe hivi, ndo ikatoka Pritt mwaka 1969. Kwahiyo wasanii wa dragi wameirudisha nyumbani.

#7 Mkaguzi_Mkuu
Sahihisho dogo kwa ticha. Pritt ya sasa sio PVP tena, walihamia kwenye wanga. Lakini hoja yako inabaki, na wanga nao unalainika kwa maji.

#8 Ticha_wa_Kemia
#7 asante, nimepokea.

#9 Mswahili_Berlin
Salaam kutoka Berlin. Mimi napanda jukwaani kwa dragi mwaka wa sita sasa, na taa za kule juu zina joto lake, kwahiyo jasho nalijua. Ndugu yangu Malkia mikono miwili haitoshi kabisa kwa nyusi za Kiafrika nyeusi nzito. Mimi minne, siku nyingine mitano. Ila idadi peke yake haikusaidii kama hukaushi. Fikiria fundi rangi, mkono wa kwanza haujakauka akipiga wa pili rangi inavimba inabanduka. Gundi ni hivyohivyo.

Nafanya hivi. Nasugua gundi kwanza kinyume na nywele, kutoka upande wa sikio kwenda puani, ili iingie mpaka kwenye mizizi, alafu nageuka nalaza zote kwenda juu na nje kwa brashi ya mswaki uliochakaa. Nabana kwa mgongo wa kijiko cha chai. Nasubiri mpaka nikigusa kidole hakinati. Poda kidogo. Mkono wa pili. Hapo katikati napaka shingo, napiga simu nyumbani, sikai kuutazama unyusi. Unyusi peke yake unakula dakika arobaini. Mtu akikuambia dakika tano kwenye video, ameikata video.

Na ukipata ile gundi ya zambarau ya Elmer's chukua. Ikiwa mbichi unaiona ilipo, ikikauka rangi inapotea, kwahiyo hukisii.

#10 Kijana_wa_Tabata
Dakika 40 nyusi tu?? Mimi hapo nishaoga nishakula nishafika kwenye shughuli 😂

#11 Mswahili_Berlin
#10 uso mzima ni saa tatu mdogo wangu. Siku ya kwanza ilikua saa tano na nikaishia kuuosha wote nianze upya.

#12 Mtu_wa_Haki
Samahani naomba kuuliza bila ugomvi, mwanaume mzima kujichora awe malkia, hii ni sanaa yetu au ni mambo ya kuletewa?

#13 Mmakonde_Newala
#12 ndugu nakujibu kwa heshima kama ulivyouliza. Kwetu Umakondeni ngoma ya Mapiko unaijua? Mchezaji anavaa lipiko, kinyago cha kufunika kichwa, na kinyago kinaweza kuwa cha mwanamke, kabisa na chale usoni na ndonya, ile plagi ya mdomo wa juu, na anayecheza ndani ni mwanaume. Kuna kingine cha mwili kinaitwa njorowe, kimechongwa matiti na tumbo la mimba lenye chale, mwanaume anakifunga kifuani anacheza taratibu kama mama mjamzito anayeumwa mgongo. Nimekiona utotoni, na mwendo ule ulinishika, nilisahau kabisa kwamba ni mtu ninayemjua. Hakuna aliyeletewa na ndege. Babu zetu walichonga mti, huyu anatumia fandesheni.

#14 Ticha_wa_Kemia
Na Japani hivyohivyo. Kwenye kabuki, maigizo yao ya jadi, wanawake walikatazwa jukwaani mwaka 1629, tangu hapo wanaume ndo wanaigiza wanawake, wanaitwa onnagata. Na kwenye mada yetu sasa, wao kabla ya kupaka ile rangi nyeupe ya usoni wanasugua nta juu ya nyusi zinalala, alafu wanachora mpya. NTA wakuu, sio gundi ya maji. Nta haiyeyuki na jasho. Hapo ndo nazidi kuamini nadharia yangu.
Ila ile nyeupe ya zamani ilikua na madini ya risasi. Mwaka 1887 mwigizaji Nakamura Fukusuke wa nne alikua anaigiza mbele ya Mfalme wa Japani akaanza kutetemeka, ikaonekana ni sumu ya ile rangi. Kwahiyo tuangalie tunachopaka.

#15 Mtu_wa_Haki
#13 hiyo njorowe sikuijua. Nimeelewa, asante mzee.

#16 Bi_Mwembetayari
Assalam aleykum. Mie niko Mombasa, umri ushaenda, zamani twalifanya michezo ya kuigiza shuleni na hiyo gundi ya fimbo hatukuijua. Twalitumia sabuni. Kipande cha sabuni kavu, walowesha ncha tu, wasugua unyusi mpaka ushike kama nta, waulaza kwa kidole, waacha ukauke, kisha poda. Joto la Mombasa si dogo mwanangu na nyusi zalikaa mpaka mchezo ukaisha. Kwa hivyo mie hii habari ya joto la Dar siikubali.

#17 BaridiYaMoshi
Bibi shikamoo. Ila mchezo wa shule ulikua dakika ngapi?

#18 Bi_Mwembetayari
Marahaba. Nusu saa hivi.

#19 BaridiYaMoshi
Basi bibi nusu saa hata mimi Dar nafika 🙏

#20 Dada_Poda
Sabuni inafanya kazi kweli ila jasho likishuka nayo inashuka machoni, na kwa mleta mada mwenye saa moja na nusu atamaliza mchezo analia. Kama ni sabuni basi iwe laini ya kuogea, usije ukachukua ile ya mche ya kufulia ina magadi makali.

#21 Njeri_wa_Rangi
Niaje watu wangu, niko Nairobi. Nimesoma yote na naona mnachanganya vitu viwili. Mleta mada alisema kwanza kunatokea kivuli cha kijivu, KISHA nywele zinasimama. Hicho kivuli si nywele kuinuka, hiyo ni rangi. Unyusi mweusi chini ya fandesheni ya kahawia lazima utoe kijivu ama bluu fulani, hata ukiulaza na simiti. Fandesheni ikiwa mpya ni nene haionekani, ikishanywewa na poda inakuwa nyembamba, kijivu kinatoka, unafikiria nyusi zimerudi.

Dawa ni rangi ya machungwa. Juu ya gundi iliyokauka, kabla ya fandesheni, gonga machungwa iliyokolea, na kama ngozi yako ni nyeusi sana nenda karibu na nyekundu. Kama huna ile ya duka, lipstiki ya machungwa isiyong'aa inafanya. GONGA kwa sponji, usivute, ukivuta unaamsha gundi. Na wachana na poda ya mtoto, hiyo nyeupe kwa ngozi yetu inaleta majivu, ukipigwa picha na flashi unaonekana umeanguka kwa unga. Mimi huchanganya unga wa mahindi laini ule wa keki na kakao mpaka ifanane na shingo yangu.

#22 Kijana_wa_Tabata
Mke akikaribia atasikia harufu ya keki 😂😂

#23 FundiWaMaharusi
#21 hiyo ya machungwa nakuunga mkono, natumia chini ya macho ya bibi harusi kila wiki. Kakao ndo sikubali kwenye ngozi ya mafuta, ina mafuta yake, utamrudisha kulekule.

#24 Njeri_wa_Rangi
#23 kakao ya kupikia imeshakamuliwa mafuta mengi mama, iliyobaki ni kidogo. Lakini sawa, jaribu kidogo shingoni kwanza.

#25 MalkiaWaMagomeni
Wakuu nashukuru sana, nasoma kila neno. Kweli #21 sikuwahi kufikiria kwamba kivuli na nywele ni vitu viwili.

Ngoja niwaoneshe na mimi kidogo ninachokijua maana nimepokea tu. Magamba ya samaki shavuni nayafanya kwa ule wavu wa mfuko wa vitunguu, ule mwekundu wa sokoni. Nafua vizuri, naukaza juu ya shavu mpaka sikioni nafunga nyuma kwa pini, alafu nagonga rangi ya bluu na ya kijani kwa sponji kavu, bluu pembeni kijani kuelekea puani. Ukiutoa wavu taratibu unakuta gamba gamba gamba, kila moja na mpaka wake, yani mara ya kwanza nilikaa nimeushika wavu mkononi najiangalia tu. Bluu peke yake ilikua haionekani kwenye ngozi yangu, nikaweka nyeupe ya mafuta chini kidogo ndo ikaamka. Juu ya magamba nanyunyizia glita.

#26 Mkaguzi_Mkuu
Wavu wa vitunguu! Hii nimeichukua. Glita gani lakini?

#27 MalkiaWaMagomeni
Ya kwenye kadi, ya stesheneri.

#28 Dada_Poda
Hapana kaka hapana. Hiyo ya kadi imekatwa na pembe kali, punje moja ikiingia jichoni inakwaruza mboni, na wewe unaitia shavuni karibu na jicho kwenye sura inayotoka jasho. Tafuta ya kupaka usoni, ni laini na punje zake ndogo. Kama hupati acha tu, magamba yanatosha.

#29 Ukhty_wa_Tanga
Naunga mkono #28 na naongeza, jamani piko usoni HAPANA. Mdogo wangu alitaka kujichora nyusi za juu kama hizo za mleta mada, akaona wanja unafutika akachukua piko ile nyeusi ya nywele akachora nayo. Usiku pakaanza kuwasha, asubuhi paji lote limevimba macho hayafunguki, malengelenge kwenye mstari uleule aliouchora. Hospitali wakasema ni dawa iliyomo kwenye piko ndo imemkataa. Ni mwaka wa pili sasa na ukimuangalia juani ile alama ya unyusi bado ipo kwenye paji, nyeupe, imepinda vizuri kama alivyoichora. Wanja ukifutika uchore tena, basi.

#30 Bi_Mwembetayari
Maskini mtoto. Mungu amponye.

#31 Mswahili_Berlin
Pole sana #29.
Naongeza moja ambalo halijaguswa. Malkia, ukiigiza unanyanyua sana nyusi? Maana wewe umesema KATIKATI panapasuka. Jasho na mafuta vinalegeza kote, havichagui katikati. Kinachopasua katikati ni msuli. Unyusi wa kuchora uko juu ila msuli unaovuta ni uleule wa chini, kila ukishangaa au ukikasirika ile gundi kavu inakunjwa, na gundi kavu haikunjiki inavunjika. Mimi nilijifunza kuigiza kwa macho na shingo na kidevu, paji nalituliza. Hata Divine, yule nguli wa dragi wa Marekani aliyefariki 1988, fundi wake wa meikapu Van Smith alimnyoa nywele za mbele mpaka katikati ya kichwa ili apate uwanja wa kuchora macho, kwa hiyo ukimtazama hasira yote iko mdomoni na kwenye macho ya rangi, paji limekua karatasi.

#32 Ticha_wa_Kemia
#31 msuli sikatai ila gundi ikiwa imelainika na jasho ingekunjika bila kuvunjika. Ikivunjika maana yake ni kavu. Sasa kama ni kavu jasho langu liko wapi... ngoja nifikirie.

#33 FundiWaMaharusi
Kavu juu, mbichi chini. Mafuta yanaiachia kutoka kwenye ngozi, juu imebaki ganda, ganda likiguswa linapasuka. Nilisema mwanzo kabisa.

#34 Mswahili_Berlin
Au mbichi chini kwa sababu hakukausha mkono wa kwanza 🙂

#35 Mkaguzi_Mkuu
Mleta mada huu ubishi utaumaliza wewe. Una nyusi mbili. Fanya upande mmoja hivi na mwingine vile, tuletee majibu.

#36 Dada_Poda
Na ukitoa usibandue kwa kucha utang'oa nyusi kweli. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, kiweke dakika mbili tatu inalainika yenyewe, alafu mafuta ya nazi kwa meikapu iliyobaki.

#37 MalkiaWaMagomeni
Wakuu nimerudi. Jana usiku nimefanya kama #35 alivyosema.

Kushoto: spiriti kama alivyosema fundi, mikono miwili tu, poda ya kawaida. Kulia: sikupaka spiriti, mikono minne ya Berlin na kukausha kila mmoja, kijiko cha chai na kila kitu. Machungwa ya Njeri pande zote mbili. Nikaanza saa tatu na robo, nikasoma mistari yangu yote kwa sauti ya chini maana watoto wamelala, na nikanyanyua nyusi makusudi kama kwenye mchezo.

Kivuli cha kijivu HAKIKUTOKA kabisa pande zote, Njeri Mungu akubariki. Baada ya saa moja kamili kushoto zilinyanyuka nywele tatu au nne upande wa puani, mkiani pametulia safi. Kulia hakikunyanyuka hata kimoja mpaka saa moja na dakika ishirini, ila hapo katikati pakapasuka, ufa mmoja mwembamba kama unywele, na ndani ya ufa ukibonyeza pananata. Kwahiyo kushoto nywele bila ufa, kulia ufa bila nywele.

#38 FundiWaMaharusi
Si unaona! Kushoto kwenye spiriti hakuna ufa.

#39 Mswahili_Berlin
Si unaona! Kulia kwenye mikono minne hakuna nywele.

#40 Ticha_wa_Kemia
Ndani ya ufa pananata, maana yake pana maji.

#41 BaridiYaMoshi
Swali moja mkuu. Feni ulikua umeiweka upande gani?

#42 MalkiaWaMagomeni
Kulia. Ndo ilipo soketi.

#43 Mkaguzi_Mkuu
Aaah jamani.

#44 MalkiaWaMagomeni
Jumamosi narudia na feni nyuma, spiriti pande zote. Ticha nimekuelewa na ile nta, kuna dada anakuja kutoka Ujerumani mwisho wa mwezi nimemuagiza ile fimbo ya nta ya nyusi ya kampuni ya Kryolan. Na wavu mwingine wa vitunguu nimeshapata, huu mashimo yake ni madogo zaidi, nataka magamba ya shingoni yawe madogo kuliko ya shavuni.

#45 Bi_Mwembetayari
Na sabuni usiisahau mwanangu, upande mmoja tu, kwa ajili yangu.